Je, Wajua? Samaki wa Dhahabu Haanguliwi na Dhahabu Yake

Vifaranga wa samaki wa dhahabu hutoka mayaini wakiwa na rangi ya kijani-kahawia iliyofifia, kama mababu zao wa China, ambako walianza kufugwa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Baada ya miezi kadhaa weusi hufifia, mara nyingi kuanzia tumboni, na rangi ya machungwa hujitokeza. Wengine hawabadiliki kamwe. Wekundu wa wanaobadilika hutegemea rangi asilia ziitwazo karotenoidi, ambazo samaki hawezi kujitengenezea. Huzipata kwenye chakula, ukiwemo mwani wa bwawani. Kwenye bwawa pana la bustani samaki wa dhahabu anaweza kukua kupita sentimita 30. Mmoja aliyeitwa Tish, wa Uingereza, aliishi miaka 43, hadi 1999.