Je, Wajua? Mkutano wa Kuacha Pombe Hauna Kiingilio

Alcoholics Anonymous, jumuiya ya wanaosaidiana kuacha pombe, maarufu kama AA, ilianzia mjini Akron, Marekani, mwaka 1935. Daktari mmoja na dalali wa hisa, wote waraibu wa pombe, waligundua kwamba kuzungumza pamoja kunawasaidia wasinywe. Sharti la kujiunga ni moja: nia ya kuacha. Hakuna ada, na jina la kwanza latosha.

Huko Zanzibar, nyumba za upataji nafuu kwa waraibu hutumia mpango wa AA wa hatua 12 za kuacha uraibu.

Kwa mkazi wa Jibondo, kisiwa cha mafundi majahazi wilayani Mafia, mikutano ya AA ya mtandaoni hufikika kwa simu. Ila anayekunywa sana kila siku asiache ghafla, kwani anaweza kupata degedege. Avuke kwanza hadi hospitali ya wilaya, Kilindoni.