Kisu cha Muganga na Ugonjwa wa Sukari



Huku kwetu Makobola, mwenye ugonjwa wa sukari akipata kidonda mguuni, jirani humwambia: "Usiende hospitali, watakukata!" Wengine hutaja mfalme Asa aliyeugua miguu (2 Mambo ya Nyakati 16:12), eti alikufa juu ya kutafuta waganga. Soma vizuri, ndugu. Kosa lake ni kumwacha Mungu, si kwenda kwa muganga. Luka naye alikuwa muganga, na Paulo alimpenda (Wakolosai 4:14).

Tena woga huo si wetu peke yetu. Hata waganga wakubwa wa dunia walichelewa kukubali kisu. Kule Marekani, tangu mwaka 1980, daktari Walter Pories alipasua watu wanene sana, akipunguza tumbo na kuliunga na utumbo kwa njia fupi. Akashangaa: sukari ilishuka kwa siku chache, mtu hajakonda bado! Mwaka 1995 alitangaza kwamba kati ya wagonjwa 146 wa sukari, 121 walirudia hali ya kawaida. Lakini wengi walisita, maana sukari ilihesabiwa kuwa kazi ya vidonge na sindano. Ni mwaka 2016 tu vyama 45 vya wataalamu viliunga mkono mashauri ya kuuweka upasuaji huo kati ya matibabu.

Si dawa ya kila mtu. Ni ya wanene wenye sukari ya aina ya pili, na wanafuatwa na waganga maisha yote. Sukari inaweza kurudi.

Kwa hiyo sisemi uuze shamba ao mtumbwi kuutafuta. Kisu kinachotuhusu zaidi ni kile kidogo, cha kusafisha kidonda mapema. Sukari huua hisia za mguu: mchimbaji anakanyaga jiwe kali, hasikii kitu. Kidonda kikioza, ndipo mguu unakatwa. Anayekimbia kisu kidogo ndiye anakutana na kile kikubwa.

Basi baba, mama, tazama miguu yako kila jioni. Ioshe, ikaushe, vaa viatu. Usiache dawa. Ukiona kidonda, hata kisichouma, usingoje Jumapili: enda hospitali kesho asubuhi. Sisi wachungaji tutakuombea, na tutakusindikiza mpaka mlangoni. Maombi na muganga havigombani.