Uvira: Chini ya mafuriko, mawe na mchanga navyo vinatembea

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulivunja kingo zake katika mji wa Uvira, jimbo la Kivu Kusini. Makumi ya watu walipoteza maisha, maelfu ya wengine wakabaki bila makao. Maji yalipopungua, wakaaji walikuta mawe na matope pale palipokuwa na nyumba.

Mulongwe, Kalimabenge na Kavimvira ni mito mifupi. Inatoka kwenye milima ya Mitumba, inayopita mita 2.000, na kuteremka kwa kasi hadi ziwa Tanganyika. Mito ya namna hii inabeba maji, na inabeba pia mlima wenyewe, kipande kwa kipande.

Ngao ya mawe

Wakati wa kiangazi, ukitazama mto unaona mawe makubwa juu. Ukiinua moja, chini yake kuna kokoto ndogo na mchanga. Maji ya kila siku yameshaondoa vidogo vya juu na kuacha vikubwa, ambavyo sasa vinafunika vilivyo chini kama ngao. Mvua ya kawaida haiwezi kuivunja.

Mafuriko makubwa yanaivunja. Jiwe kubwa likisogea, mchanga uliofichwa chini yake unaondoka mara moja. Mchanga mwembamba na udongo vinaelea ndani ya maji. Kokoto na mawe vinajiviringisha na kurukaruka chini, ndiyo maana mto unanguruma usiku. Katika mwendo huo vyote vinachanganyika. Tikisa ndoo ya maharagwe yenye mchanga, utaona mchanga unapenya kwenda chini na maharagwe yanabaki juu. Mto nao unafanya hivyo.

Hans Albert Einstein, mtoto wa mwanafizikia Albert Einstein, alichunguza jambo hili mjini Zurich, Uswisi, na kulitolea kazi ya udaktari katika miaka ya 1930. Alionyesha kwamba jiwe la mtoni linasogea kidogo, linatulia muda mrefu, kisha linasogea tena. Kwa hiyo mawe yaliyoporomoka mlimani mwaka huu yanaweza kungoja huko juu hadi mvua kubwa ya miaka ijayo.

Shimo lisiloonekana

Maji yanapofika kilele, yanachimba chini ya mto, zaidi sana kwenye miguu ya madaraja. Yakipungua, shimo linajaa kokoto tena. Asubuhi mguu wa daraja unaonekana umefunikwa vizuri, wakati usiku ulikuwa wazi. Ili kujua kina cha shimo hilo, wataalamu wanazika mnyororo wima ndani ya kokoto kabla ya mvua. Baadaye wanafukua na kuangalia ni kuanzia wapi mnyororo umelazwa na maji.

Karibu na ziwa, mteremko unapungua na mto unatua mzigo wake. Chini ya mto panapanda, nafasi ya maji inapungua, na safari inayofuata mvua ndogo inatosha kuingia ndani ya nyumba. Ziwa likipanda, kama mwaka 2024, mto unapoteza mbio mapema zaidi na kuacha mawe katikati ya makazi. Kiwanda cha Regideso, kinachochota maji ya Mulongwe, nacho kinaumia mchanga ukizidi.

Wengi wanaishi kwa kuchota mchanga na kuvunja kokoto. Kutoa mzigo pale mto ulipojaa kunaweza kurudishia maji njia yake. Kuondoa mawe makubwa kwenye kingo au miguu ya daraja ni kuvua ngao. Viongozi na wachimbaji wanapaswa kukubaliana mahali pa kuchota.

Kuna hatua isiyo na gharama kubwa: kupiga alama za rangi kwenye nguzo za madaraja, na kupima urefu wa chini ya mto kabla ya mvua na baada ya kila mafuriko, mahali pale pale. Chini pakipanda, walio kando wanaonywa mapema.

Somo hili linahusu pia Kalehe, ambako tarehe 4 Mei 2023 maji, mawe na matope viliua watu zaidi ya 400 huko Bushushu na Nyamukubi. Mawe yaliyobaki kwenye mabonde hayo bado yako safarini. Kabla ya kujenga tena kando ya mto, tuangalie kwanza mto umeacha nini na umekiacha wapi.