Picha Moja kwa Siku

Tumeitimiza azma tuliyojiwekea hapa Mutuka, mjini Babati: picha moja tu kila siku, mpaka filamu ya picha 36 imalizike. Filamu haimwonyeshi mtu alichokipiga mpaka isafishwe gizani. (Habari za nuru ipitayo tundu la chumba cha giza alikwisha kuzieleza Ibn al-Haytham wa Basra, aliyefariki yapata mwaka 1040.)

Siku ya 19 tulimkuta bibi mmoja, jirani yetu, akipepeta mbaazi. Alipotuona akajifunika uso. Tukaishusha kamera, tukamwomba radhi. Akaturuhusu tuupige ungo peke yake. Filamu iliporudi, picha kadhaa zilikuwa giza tupu. Ile ya ungo ilitoka safi, na bibi ameiomba.