Mashine ya Kusaga Ikipoteza Nguvu: Tafuta Ugonjwa Kabla ya Kufungua Injini



Mashine ya kusaga inaweza kuwa ya mtu mmoja au ya kikundi, lakini ikilegea wanaoumia ni wengi. Mama aliyefika na debe lake asubuhi huondoka jioni. Unga hutoka wa chenga. Mwenye mashine hupandisha bei kwa sababu dizeli inakwisha haraka, na familia huuza sehemu ya mahindi ili kulipia kusaga yaliyobaki. Mashine ikizimika kabisa, wanawake na watoto hubeba mizigo hadi vijiji vya mbali na kurudi giza limeingia.

Mara nyingi injini iliyolegea haina ugonjwa mkubwa. Shida ni kwamba watu hukimbilia spana. Pampu ya dizeli inafunguliwa, silinda hedi inashushwa, gasketi inaharibika, na mwishowe inagundulika kwamba chujio la hewa lilikuwa limejaa unga. Fedha ya vipuri imekwisha na siku nne zimepotea.

Makala hii inaeleza utaratibu wa kutafuta ugonjwa. Kanuni zake ni tatu: anza na jambo lisilo na gharama, rekebisha kitu kimoja, kisha jaribu, injini ifunguliwe mwisho.

INJINI INATAKA NINI?

Injini hii ina jina la Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake ya kwanza yenye kufanya kazi vizuri ilijaribiwa mwaka 1897. Haina plagi ya kuwasha moto kama injini ya petroli. Pistoni huibana hewa mpaka ibaki katika nafasi ndogo sana, kama sehemu moja ya ishirini ya nafasi ya kwanza. Hewa ikibanwa hivyo hupata joto kali, zaidi ya digrii 500. Hapo nozeli hunyunyiza dizeli kama ukungu, nayo huwaka yenyewe.

Kwa hiyo injini inataka mambo manne: mzigo unaolingana na nguvu yake, hewa ya kutosha, dizeli safi, na mbano mzuri ndani ya silinda. Tutayafuata kwa mpango huo.

HATUA YA 1: JE, NI INJINI AU NI KINU?

Zima injini, ngoja kila kitu kisimame, kisha toa mkanda. Washa injini bila kinu. Ikiwa inazunguka sawasawa, inapanda mwendo bila kusita na haitoi moshi mwingi, usiilaumu bado. Angalia kinu kwanza.

- Zungusha kinu kwa mkono. Kikiwa kizito au kinakwaruza, beringi zimekwisha au zimekauka grisi.
- Angalia nyundo. Zikiwa zimelika na kuwa mviringo, mahindi hupondwa badala ya kupasuliwa, na injini hufanya kazi kubwa kwa unga mdogo. Nyundo nyingi zinaweza kugeuzwa upande wa pili.
- Angalia wavu wa kuchujia unga. Matundu yakiziba, unga hubaki ndani na kuizuia nyundo.
- Mahindi mabichi huziba wavu upesi. Waombe wateja wayaanike kwanza.
- Mkanda uliolegea huteleza, hunuka mpira unaoungua, na kinu hupungua mwendo wakati injini ina mwendo wake. Mkanda uliokazwa mno nao huua beringi.

Kumbuka pia mahali tulipo. Kusini-magharibi mwa Uganda nchi iko mita 1,200 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya juu ni nyepesi. Injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu yake kwa kila mita 1,000. Iliyoandikwa farasi 12 kiwandani, hapa hutoa kama farasi 10 na nusu. Si ugonjwa. Asiyejua hivyo huifungia kinu kikubwa kuliko uwezo wake, halafu kila mwezi anaita fundi.

HATUA YA 2: SOMA MOSHI

Rudisha mkanda, saga kidogo, kisha toka nje utazame bomba la moshi injini ikiwa imeshika mzigo. Ngoja kwanza ipate joto, maana moshi wa dakika za mwanzo hudanganya.

Moshi mweusi: dizeli ni nyingi kuliko hewa. Sababu zake ni chujio la hewa lililoziba, mzigo uliozidi, bomba la moshi lililojaa masizi, au nozeli inayomwaga matone badala ya kunyunyiza.

Moshi mweupe: dizeli inatoka bila kuungua. Mbano ni mdogo, au dizeli inaingia kwa kuchelewa, au kuna maji ndani ya dizeli. Maji yakipita kwenye gasketi na kuingia katika silinda, hutoka kama mvuke mweupe.

Moshi wa buluu: injini inaunguza oili. Pengine oili imejazwa kupita alama, au ringi za pistoni zimekwisha.

Moshi hakuna, lakini nguvu hakuna: injini ina njaa. Dizeli haifiki ya kutosha.

HATUA YA 3: HEWA

Chumba cha kusagia kimejaa vumbi la unga, na injini huvuta vumbi hilo siku nzima. Fungua chujio la hewa. Kama ni la bakuli la oili, mwaga oili chafu, safisha bakuli na wavu kwa dizeli, weka oili mpya mpaka kwenye alama, usizidishe. Kama ni la karatasi, ligongegonge taratibu. Likibaki jeusi, nunua jipya. Usiendeshe injini bila chujio, hata kwa siku moja. Vumbi na mchanga hula silinda na ringi, na hapo ndipo ugonjwa mkubwa huanza.

Ukiweza, jenga ukuta kati ya injini na kinu ili injini ivute hewa ya nje.

HATUA YA 4: DIZELI

- Legeza kifuniko cha tangi. Ikiwa nguvu zinarudi, tundu la kupumulia la kifuniko limeziba. Litoboe kwa sindano.
- Chota dizeli ya chini ya tangi kwenye chupa ya kioo, iache itulie. Maji hukaa chini, dizeli hukaa juu. Dizeli inayonuka mafuta ya taa imechanganywa. Hupunguza nguvu na haiilainishi pampu, hivyo pampu hulika.
- Dizeli ya madumu iache itulie usiku mzima kabla ya kuimimina, tumia kitambaa safi, na usimwage ile ya chini kabisa.
- Badilisha chujio la dizeli. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na ya nozeli.
- Injini ikisitasita, ikashika, ikasita tena, huenda upepo umeingia kwenye bomba. Fungua koki ya tangi, legeza boliti ya kutolea upepo juu ya chujio mpaka dizeli itoke bila mapovu, kisha kaza. Fanya hivyo hivyo kwenye pampu.

Pampu ina risasi au alama ya kiwanda inayozuia kiasi cha dizeli kuongezwa. Usiivunje. Ukiongeza dizeli pasipo hewa, unapata moshi mweusi, joto na gharama, nguvu haziongezeki.

HATUA YA 5: MBANO

Weka wenzo wa dizeli mahali pa kuzima. Zungusha gurudumu taratibu kwa mkono bila kushika kile cha kulegeza mbano. Pistoni ikikaribia juu, gurudumu linapaswa kugoma na kurudi nyuma kwa nguvu. Likipita kirahisi, mbano unavuja. Sasa sikiliza na tazama:

- Sauti ya upepo kwenye njia ya hewa au kwenye bomba la moshi: valvu haifungi. Pengine nafasi ya valvu imepotea tu, na fundi ataipima kwa kipimo injini ikiwa baridi, kwa kufuata kitabu cha injini.
- Moshi na upepo mwingi kwenye tundu la kupumulia oili: ringi au silinda zimekwisha.
- Mapovu yasiyokoma kwenye maji ya kupoozea, au oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa: gasketi imeungua au silinda hedi imepasuka.

Ukifika hapa na una dalili mojawapo, sasa ita fundi na umwambie ulichoona. Fundi anayeambiwa "moshi mweupe, mbano mdogo, upepo unatokea kwenye bomba la moshi" hatafungua pampu yako bure.

TAHADHARI

1. Usiweke mkono mbele ya nozeli inayonyunyiza. Dizeli hiyo hupenya ngozi. Kidonda huonekana kama tundu la sindano, lakini mkono unaweza kupotea. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.
2. Kanga, shuka na nywele zisikaribie mkanda. Weka wavu wa kuzuia, na watoto wakae nje.
3. Bomba la moshi litoke nje ya jengo. Moshi wa injini katika chumba kilichofungwa huua.
4. Injini iliyokauka maji na kuchemka izime, iache ipoe. Ukimimina maji baridi, silinda hedi hupasuka.

WEKA DAFTARI

Kila siku andika saa za kazi, lita za dizeli na magunia yaliyosagwa. Injini ya farasi 12 iliyoshika mzigo wake wote hutumia kama lita 2 na nusu kwa saa. Namba ya kampuni nyingine isikusumbue. Linganisha mashine yako na yenyewe. Kama mwezi uliopita lita 10 zilisaga magunia fulani na sasa lita hizo hizo zinasaga pungufu, ugonjwa umeanza, hata kama sikio bado halijausikia. Daftari hilo linasaidia pia pale wateja wanapouliza kwa nini bei imepanda: wajibuni kwa hesabu.

Vikundi vyenye mashine mnaombwa kuusoma ukurasa huu pamoja na waendeshaji wenu, kisha mwubandike ukutani karibu na injini. Asiyejua kusoma asomewe, hasa sehemu ya tahadhari.