Frasila Saba Majini

Je, wajua kwamba pikipiki haikutengenezwa isimame? Ilitengenezwa iende, na kwenda ndiko kunakoiweka wima. Ikiwa mwendoni na kuanza kulala kushoto, gurudumu la mbele hugeukia kushoto, magurudumu yakapita chini ya uzito uliokuwa unaanguka, na chombo kikainuka tena. Kwa miaka mingi wengi waliamini kuwa siri yote imo katika kuzunguka kwa magurudumu, kama pia ya watoto isivyoanguka ikiwa inazunguka. Mwaka 2011 watafiti wa vyuo vikuu vya Delft na Cornell walionyesha baiskeli ndogo ambayo nguvu hiyo ya pia ilikuwa imebatilishwa, na bado ikisukumwa ilikwenda wima bila mtu. Uzito ulivyogawanywa, na jinsi usukani unavyojigeuza wenyewe, navyo vina kazi.

Sasa zima injini. Ulichobaki nacho ni chuma cha kilo mia na zaidi kinachogusa ardhi kwa sehemu mbili, kila moja ndogo kuliko kiganja. Kipandishe kwenye boti.

Watu wa bonde la Luapula, kaskazini mwa Zambia, wanayo sababu ya kufanya hivyo. Mwansabombwe ndiko makao ya Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda, ambaye kila mwishoni mwa Julai hucheza ngoma ya Mutomboko mbele ya umati. Kutoka hapo barabara inakwenda kaskazini hadi Nchelenge, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru. Ng'ambo ni Kongo, na mji wa Kilwa, ambao si Kilwa Kisiwani tunayoijua sisi wa pwani, ingawa Kiswahili utakikuta huko pia, kile cha Katanga. Barabara ya kulizunguka ziwa ipo: unapanda hadi Chiengi, unavuka mpaka kuelekea Pweto, kisha unashuka tena upande wa pili. Njia ya mkato ni maji, na majini pikipiki ni abiria kama wewe.

Mizigo ya watu wa pwani ilifika huku zamani. Mvumbuzi Livingstone alipoingia kwa Kazembe mwaka 1867 alimkuta Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara aliyekuwa amekaa hapo miaka mingi. Misafara ya zama zile ilipima kwa frasila, kilo 16 hivi, na mpagazi mmoja alibeba kama mbili. Pikipiki ya kawaida ya bodaboda, ya injini ya cc 100 au 125, ni frasila saba na ushei. Yaani mzigo wa wapagazi wanne, mradi ukubali kugawanyika.

Na kugawanya ndiyo hekima ya kale ya kusafirisha mashine Afrika ya Mashariki. Mvumbuzi Stanley alipoondoka Bagamoyo Novemba 1874, mashua yake Lady Alice ilikuwa vipande mabegani mwa watu. Machi iliyofuata ikaunganishwa na kuelea Ziwa Viktoria. Meli ambayo leo tunaiita MV Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikasafiri kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma. Baadaye ndiyo iliyokuja kuwaunganisha watu wa Kigoma na bandari ya Mpulungu, Zambia. Hata pikipiki mpya zinazotoka India hufika nyingi zikiwa ndani ya fremu au kasha, gurudumu la mbele limetolewa, usukani umelazwa, tangi kavu. Kiwanda chenyewe hakiisafirishi pikipiki ikiwa tayari kuendeshwa. Sisi ndio tunaoisukuma botini ikiwa na tangi limejaa.

Hapo ndipo penye hatari ninayotaka msomaji aichukulie kwa uzito. Petroli haisubiri joto ili itoe mvuke. Hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mvuke huo hauonekani, na ni mzito mara tatu au nne kuliko hewa. Juu ya lori unamwagika chini na kupeperushwa na upepo. Ndani ya boti hauna pa kwenda. Kile kinachozuia maji yasiingie ndicho kinachozuia mvuke usitoke, nao hukaa sakafuni kama maji kwenye karai, chini ya miguu ya abiria, ukingoja sigara, jiko la mkaa au cheche ya injini ya boti. Kwa hiyo petroli ibaki nchi kavu, au isafiri katika dumu lililofungwa vizuri, mbali na injini. Ukishalikausha tangi, funga koki na uiache injini iungurume hadi izime yenyewe, ili kabureta nayo ikauke. Kisha toa waya wa betri.

Wapo wanaoilaza chini ili boti isiyumbe. Nawaelewa. Uzito ukiwa chini boti hutulia, na Mweru haina mzaha: ina urefu wa kilomita 130 hivi lakini kina chake ni kidogo, na upepo ukivuma juu ya maji mafupi huinua mawimbi yaliyobanana na yenye kusimama wima, yanayokitikisa chombo harakaharaka. Lakini pikipiki iliyolazwa huvuja. Oili hupanda kwenye bomba la kupumulia hadi kichujio cha hewa, na nyingine inaweza kuingia ndani ya silinda. Betri ya maji humwaga asidi. Kwenye mtumbwi mwembamba mimi ningetoa magurudumu na betri kabla ya kuilaza. Kwenye boti pana ya mbao ningeisimamisha katikati kabisa, wala nisingemruhusu mtu kukaa upande ambao ingeweza kumwangukia.

Kuifunga ni elimu yake. Stendi ya pembeni haifai, kwa sababu kamba zikivuta, nguvu zote hushukia mguu ule mmoja, ukapinda au ukatoboa ubao. Isimame kwa matairi yake. Ivutwe kwa kamba nne zilizotanuka, mbili kutoka pale usukani unaposhikana na shokapu, mbili kutoka fremu ya nyuma. Zile za mbele zikazwe hadi shokapu zishuke karibu nusu. Springi inayotaka kurudi juu ndiyo itakayoishika kamba isilegee wimbi likipiga. Ukiibana hadi mwisho, sili za oili zinaweza kupasuka. Breki ya mbele ikamatwe kwa raba, gia iwe namba moja.

Raba za tyubu, tunazozipenda sana, ziishie hapo kwenye breki. Raba huhifadhi nguvu ya wimbi na kuirudisha, na mzigo ukapata bembea. Kamba ya katani ikilowa hufupika na kukaza, ikikauka hulegea. Nailoni ikilowa huvutika. Kwa hiyo aliyefunga Nchelenge asubuhi hana budi kuzishika kamba tena akiwa katikati ya ziwa.

Uzito wenyewe haulitishi ziwa hili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 madini ya shaba na fedha kutoka mgodi wa Dikulushi yalivushwa hapahapa kwa tishali, kutoka Kilwa hadi Nchelenge.

Ukifika Kilwa, usikimbilie kuiwasha. Toa plagi kwanza, piga kiki mara tano au sita. Kama oili iliingia kwenye silinda, itatokea tunduni. Ungepiga kiki plagi ikiwa imefungwa, pistoni ingegonga kimiminika kisichobonyea, na mkono wake ungeweza kupinda. Futa plagi, irudishe, unganisha betri, mimina petroli, fungua koki, subiri kabureta ijae. Itakohoa mara moja mbili kabla ya kushika. Ukitoka ufukweni shika kulia: Zambia uliendesha kushoto, Kongo ni upande mwingine.