Ukurasa Mmoja, Vivinjari Vingi

Leo hatutaanza kwa kuandika maneno mapya kama ilivyo desturi yetu. Wekeni kalamu chini kwanza, nanyi msikilize jambo lililotokea katika darasa moja la watu wazima hapa Tabora.

Mama mmoja, mkulima wa tumbaku, alikuja darasani na simu yake ya mkononi. Alikuwa akijaza fomu ya maombi kwenye tovuti ya ofisi moja, na siku ya mwisho ya kupokea maombi ilikuwa kesho yake. Jina alikuwa ameandika, na kijiji, na mwaka wa kuzaliwa, bila kosa hata moja. Lakini alipofika chini ya fomu, pale panapotakiwa kuwa na kitufe cha kutuma, palikuwa peupe. Akaniuliza, "Mwalimu, nimekosea wapi?"

Jirani yake akafungua ukurasa ule ule katika simu yake mwenyewe. Kitufe kikaonekana, kikubwa, cha kijani, kimeandikwa TUMA kwa herufi nyeupe.

Basi, imekuwaje ukurasa mmoja uwe na kitufe kwa mtu huyu, na kwa mtu yule usiwe nacho?

Ndani ya kila simu yenye intaneti imo programu iitwayo kivinjari. Kazi yake ni kwenda kuuchukua ukurasa wa tovuti na kukuonyesha. Vivinjari ni vingi: Chrome, Safari, Firefox, Opera Mini na vinginevyo. Watu wengi hudhani ya kuwa ukurasa wa tovuti huja kama picha iliyokwisha kuchorwa. Sivyo. Yanayokuja ni maagizo. Weka kichwa cha habari hapa. Weka kitufe hapa. Kipake rangi ya kijani. Kivinjari huyasoma maagizo hayo na kuujenga ukurasa palepale, kama fundi anayejenga nyumba kwa kufuata barua ya mwenye nyumba aliye mbali. Na fundi huyu ana tabia moja: agizo la kupanga au la kupaka rangi asilolijua, huliruka kimya kimya, wala hakuambii.

Shida ya namna hii si ngeni katika njia yetu hii. Zamani za misafara, shanga na nguo ndizo zilizokuwa fedha ya kununulia chakula njiani, kutoka Bagamoyo kupita Ugogo, kuja hapa Unyanyembe, hata Ujiji. Mwaka 1871 Henry Stanley alipofunga safari ya kuja huku, ilimlazimu kwanza aulize ni shanga za rangi gani zinazokubaliwa katika kila nchi. Aliandika ya kuwa Wanyamwezi walipenda shanga nyekundu kuliko zote. Shanga nyeusi zilipokewa Ugogo, lakini kwingine zilikataliwa. Shanga kubwa mfano wa yai zilikuwa na thamani Ujiji, na penginepo hazikutakiwa. Fikirini mpagazi aliyebeba mzigo wa shanga nyeusi kutoka pwani mpaka Tabora, begani, kwa miezi. Shanga ni nzima, hazikuvunjika hata moja, lakini hapa hazinunui mtama.

Hayo ndiyo yaliyompata mama yetu. Tulipochunguza tuliona ya kuwa simu yake ni ya miaka mingi, na kivinjari chake hakijapata kusasishwa tangu iliponunuliwa. Mjenzi wa tovuti ile aliandika rangi ya kijani kwa agizo la namna mpya. Simu ya jirani ililijua. Simu ya mama haikulijua, ikaliruka. Lakini agizo la herufi nyeupe ililijua, ikalitii. Herufi nyeupe juu ya ukurasa mweupe! Kitufe kilikuwapo siku zote, ila hakionekani. Nilimwambia, "Mama, hukukosea kitu. Bonyeza hapo peupe." Akabonyeza, na fomu ikaenda.

Ugomvi huu ulianza zamani kidogo. Tovuti zilibuniwa na Mwingereza Tim Berners-Lee, alipokuwa akifanya kazi CERN, karibu na Geneva, na tovuti ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1991. Mwaka 1994 kikatokea kivinjari cha Netscape, na mwaka 1995 kampuni ya Microsoft ikatoa Internet Explorer. Wakashindana. Netscape wakabuni agizo la kufanya maneno yawake na kuzimika. Microsoft wakabuni agizo la kufanya maneno yatembee kutoka upande huu hata upande huu. Upuuzi mtupu, kwa maoni yangu, lakini kila mmoja alitaka shanga zake ndizo zitakiwe. Wenye tovuti wakawa wanaandika juu ya kurasa zao ni kivinjari gani msomaji atumie, kana kwamba mwenye duka amewachagulia wateja viatu.

Hata hivyo Berners-Lee alikuwa ameunda chama cha W3C mwaka 1994 ili kuweka kanuni za pamoja. Kazi hiyo imeendelea, na tangu mwaka 2022 Apple, Google, Microsoft na Mozilla, pamoja na wengine, huchagua kila mwaka mambo ambayo vivinjari vyao vinayaonyesha mbalimbali, wakayasawazisha. Lakini kanuni mpya haiingii yenyewe katika simu ya zamani.

Kwa hiyo kazi inabaki kwa mjenzi wa tovuti. Dawa ya kosa la kitufe kile ni mstari mmoja tu. Angeandika rangi mara mbili: kwanza kijani cha kawaida, ambacho kila kivinjari hukijua, na chini yake kijani cha namna mpya. Kivinjari kipya hushika agizo la mwisho. Kivinjari cha zamani huliruka la mwisho na kubaki na la kwanza. Kila mtu anapata kitufe chake, ingawa kijani chenyewe hakitafanana sana, na hilo si neno. Kisha, kabla ya kuufungua ukurasa kwa watu, angeujaribu kwa simu walizo nazo watu hao hasa, siyo kwa kompyuta yake nzuri ya mezani peke yake. Simu za namna hiyo angezipata kwa kwenda sokoni na kuziomba kwa dakika tano.

Nanyi mkikuta ukurasa umekatika au kitufe hakipo, sasisheni kivinjari, au jaribuni kivinjari kingine katika simu ile ile. Ikishindikana, ipigieni simu ofisi yenye tovuti hiyo, mtaje aina ya simu na jina la kivinjari. Bila majina hayo mawili hawataweza kuliona kosa.

Sasa shikeni kalamu. Andikeni: kivinjari, agizo, kitufe, kusasisha. Kabla ya somo lijalo, wanafunzi wawili wawili mfungue ukurasa mmoja katika simu mbili, mkaandike katika daftari tofauti tatu mtakazoziona. Kwaherini.